Gari Linalomisi Asubuhi: Namna ya Kutambua Kasoro Kabla ya Kulipia Matengenezo

Nakala ya mada iliyotolewa kwa wamiliki wa magari, madereva, mafundi na wauza vipuri, Mbinga mjini

Kahawa inachumwa, magunia yanasubiri usafiri, na gari lisilowaka saa kumi na mbili asubuhi ni hasara inayohesabika kabla jua halijapanda.

Tume ya Ushindani haitengenezi magari. Kazi tuliyokabidhiwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ni kulinda ushindani katika soko na kumlinda mlaji dhidi ya mienendo ya kibiashara ya udanganyifu na isiyo ya haki. Mtu anaweza kuuliza: basi plagi na taimingi vinaihusu nini Tume? Vinaihusu kwa sababu haki ya mlaji huanza na ufahamu. Mteja anapoambiwa kwamba taimingi imeruka, naye hajui taimingi ni nini, hana njia ya kujua kama analipia kasoro iliyopo au anayolipia ni dhana tu. Atanunua plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na mwisho atarudi nyumbani na gari lile lile linalotetemeka kila alfajiri. Huenda hakuna aliyekusudia kumwibia. Kilichokosekana ni kipimo.

Kwa hiyo leo tutazungumzia jambo moja tu: gari la zamani linalomisi likiwa baridi. Tutaona maana ya dalili hiyo, vipimo vinavyotenganisha kasoro ndogo na kubwa, na haki zako unaposimama mbele ya fundi au mbele ya kaunta ya vipuri.

Kwa nini asubuhi, na kwa nini huku kwetu

Injini ya petroli huhitaji mambo manne ili kila silinda iwake: hewa na mafuta kwa uwiano unaofaa, mgandamizo wa kutosha, cheche yenye nguvu, na kila tendo kutokea kwa wakati wake. Jambo moja likipungua katika silinda moja, silinda hiyo hairuki na wenzake. Injini hutikisika, gari hukosa nguvu, na ekzosi hutoa mlio wa kukatakata. Hiyo ndiyo hali ambayo mafundi wetu huiita kumisi.

Asubuhi ya baridi huzidisha udhaifu wa yote manne. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa wepesi. Sehemu yake hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa, na ndiyo maana injini baridi hupewa mafuta zaidi ya injini ya moto. Oili huwa nzito, stata huzunguka polepole, na betri iliyochoka hushuka nguvu wakati huo huo cheche inapoihitaji. Umande hutanda kwenye waya za plagi na kwenye kifuniko cha distributa, na umeme unaotafuta njia fupi huvujia pembeni badala ya kufika kwenye plagi.

Wilaya zetu mbili, Mbinga na Nyasa, zina jambo la ziada. Mji wa Mbinga uko juu, katika nyanda za Umatengo, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai zinajulikana. Mbamba Bay iko ufukweni, ambako uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Kati yao ni barabara ya kilomita 66 yenye miteremko mirefu. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 1,000 shinikizo la hewa hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Gari la kabureta lililorekebishwa vizuri Liuli au Lituhi, likipanda Mbinga, hupata hewa pungufu kwa mafuta yale yale. Litatoa moshi mweusi na plagi zitapata masizi. Gari lenye nozeli na kompyuta hujirekebisha lenyewe, mradi sensa zake ni nzima. Kwa hiyo dereva anayesema kwamba gari lake linawaka vizuri ziwani na kusumbua milimani hadanganyi wala hajalogwa. Ametupa taarifa ya kwanza muhimu.

Kasoro inayoondoka na kasoro inayobaki

Kabla ya kugusa chombo chochote, jiulize swali moja: je, injini ikipata joto, kasoro inaondoka au inabaki?

Kasoro inayoondoka baada ya dakika chache mara nyingi hutokana na vitu vinavyobadilika kwa joto au kwa ukavu. Umande hukauka. Mpira wa njia ya hewa uliopasuka hutanuka na kuziba ufa. Plagi yenye nafasi pana hupata nafuu. Sensa ya joto la maji inayodanganya kompyuta haidhuru tena injini inapokuwa moto kweli. Nozeli inayovuja humaliza mafuta iliyoyadondosha usiku.

Kasoro inayobaki, injini ikiwa baridi na ikiwa moto, inatuelekeza kwingine: plagi iliyokufa kabisa, koili iliyoungua, nozeli iliyoziba, valvu isiyofunga, au taimingi iliyohama. Hapa naomba tuelewane vizuri. Mkanda wa taimingi ukiruka jino moja hauwezi kujirudisha mahali pake eti kwa sababu injini imepata joto. Ukiruka umeruka. Gari litakosa nguvu asubuhi, mchana na jioni, litakunywa mafuta, na huenda likapiga mlipuko kwenye njia ya hewa au kwenye ekzosi. Kwa hiyo gari linalomisi dakika tatu za kwanza, kisha likawa zima siku nzima na kupanda mlima bila taabu, haliwi na mkanda ulioruka. Ukiambiwa hivyo, omba kwa adabu uoneshwe alama za taimingi kabla ya kulipa.

Cheni ya taimingi ina tabia yake. Katika injini nyingi, tenshena ya cheni hukazwa kwa msukumo wa oili. Gari likilala usiku kucha, oili hushuka. Asubuhi, kwa sekunde chache, cheni iliyolegea hugonga kwa sauti ya mkwaruzo kisha hunyamaza. Sauti hiyo si ya kupuuza. Angalia kwanza kiwango na umri wa oili, kisha cheni na tenshena zikaguliwe.

Daftari kabla ya gereji

Fundi hodari ni kama daktari: hutibu vizuri zaidi mgonjwa anayejieleza. Kwa siku tatu mfululizo, andika mambo yafuatayo kila unapowasha gari asubuhi: saa na hali ya hewa, kama kulikuwa na mvua au ukungu, stata ilizunguka haraka au kwa uzito, iliwaka mara ya kwanza au ya tatu, ilimisi kwa dakika ngapi, moshi ulikuwa wa rangi gani, taa ya injini iliwaka, ilizimika au ilimetameta, mafuta uliyajaza wapi na lini, na maji ya rejeta yalipungua au la.

Rangi ya moshi ni shahidi mzuri. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kutokana na mipira ya valvu iliyozeeka. Mvuke mweupe mwepesi unaotoweka upesi ni wa kawaida katika baridi. Lakini moshi mweupe mzito unaoendelea, pamoja na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana kuvuja, ni onyo kwamba gasketi ya hedi huenda inapitisha maji ndani ya silinda. Kasoro hii huanza kwa kumisi kidogo asubuhi, kwa sababu maji hupenya usiku gari likiwa limesimama, kisha hutulia. Wengi huidharau kwa sababu hutulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa ni hedi iliyopinda.

Vipimo kwa mpangilio, kuanzia kilicho rahisi

Kanuni ya upimaji ni moja: anza na kipimo cha bei ndogo kisichofungua kitu, maliza na kile cha gharama kinachofungua injini.

Kwanza, betri. Ikiwa imepumzika usiku kucha, betri nzima yenye chaji kamili huonesha takriban volti 12.6. Stata inapozunguka, kipimo kikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri au nyaya zake zina udhaifu. Hakuna maana ya kununua koili mpya wakati umeme unaoilisha haufiki.

Pili, jicho na sikio. Funua boneti kabla ya mapambazuko, injini ikinguruma, simama pembeni bila kugusa kitu. Waya wa plagi unaovuja huonesha cheche ndogo za bluu gizani na kutoa mlio wa kutatarika. Kipimo hiki hakigharimu senti moja. Tahadhari: usivute kamwe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, unaweza kukudhuru wewe na kuharibu kompyuta ya gari.

Tatu, plagi zenyewe. Zifunguliwe zote na zipangwe kwa mfuatano wa silinda zilikotoka. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Masizi makavu meusi yanaashiria mafuta mengi. Utelezi wa oili unaashiria oili kuingia. Plagi moja iliyosafishika kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, inaamsha shaka ya maji. Kama plagi tatu zina rangi moja na ya nne ni tofauti, tayari umeijua silinda yenye ugonjwa.

Nne, mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, kwa magari yanayoikubali. Msimbo P0300 husema injini inamisi bila kutaja silinda. P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne. P0335 na P0340 huelekeza kwenye mifumo ya sensa za krenkishafti na kemshafti, na P0016 husema kwamba nafasi za viwili hivyo hazilingani, jambo linaloweza kuwa dalili ya taimingi kuhama. Tafadhali zingatia: msimbo hauagizi kipuri. Unataja mahali pa kuanzia kupima. Mtu anayesoma P0302 na papo hapo kukuuzia nozeli hajapima chochote.

Tano, kipimo cha kubadilishana. Katika gari lenye koili moja kwa kila plagi, kama vile Toyota IST, injini ikizimwa, koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya nne, na ya nne huletwa ya pili. Misimbo hufutwa, gari huachwa lipoe usiku, kisha huwashwa asubuhi. Msimbo ukihama kutoka P0302 kwenda P0304, koili ndiyo mkosaji. Ukibaki palepale, koili haina hatia na fedha zako zimesalimika. Plagi nazo zinaweza kuhamishwa vivyo hivyo, lakini siku nyingine. Ukihamisha viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichobeba ugonjwa.

Sita, mafuta na hewa. Washa swichi bila kuzungusha stata, subiri sekunde mbili, zima; rudia mara tatu, kisha washa gari. Katika gari ambalo pampu yake huzunguka kidogo kila swichi inapowashwa, likiwaka vizuri zaidi kuliko siku zote, basi shinikizo la mafuta linapotea usiku: huenda vali ya pampu haizuii mafuta kurudi, au nozeli inavuja. Ama sensa ya joto la maji, katika Toyota nyingi za zamani usugu wake huwa kati ya kilo-omu 2 na 3 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi chini ya nusu kilo-omu kwenye nyuzi 80. Fundi mwenye mita ya kawaida huipima kwa dakika chache. Sensa inayosema kuna joto alfajiri hulinyima gari mafuta. Inayosema kuna baridi adhuhuri huliosha kwa mafuta.

Saba, mgandamizo. Hiki hupimwa kwa saa maalumu inayofungwa mahali pa plagi. Usitishwe na namba moja pekee, kwa kuwa huku juu vipimo huwa chini kidogo kuliko pwani. Kinachotazamwa zaidi ni ulingano. Silinda moja iliyo chini sana ya wenzake ina tatizo la valvu, ringi au gasketi. Zote nne zikiwa chini kwa kiwango kinachofanana, ndipo shaka ya mkanda ulioruka inapopata msingi.

Taimingi mbili zenye jina moja

Neno taimingi hutumika kwa mambo mawili, na mteja anayeyachanganya huweza kulipishwa kazi ya siku nzima kwa kasoro ya nusu saa.

Taimingi ya kwanza ni ya cheche: plagi inapiga lini. Katika Toyota Corolla au Carina za miaka ya 1990 zenye distributa, cheche hurekebishwa kwa kulegeza boliti na kuizungusha distributa kidogo, huku taa ya taimingi ikimulika alama kwenye puli. Kwa injini za 4A-FE na 5A-FE, kipimo ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa moto, na vituo vya TE1 na E1 vilivyo kwenye kisanduku cha upimaji vikiwa vimeunganishwa kwa waya. Bila kuunganisha vituo hivyo, kompyuta huendelea kusogeza cheche yenyewe na fundi husoma namba isiyo ya kweli. Ni swali moja la busara unaloweza kumuuliza fundi wako: je, tumeunganisha TE1 na E1? Fundi anayejua atafurahi umeuliza.

Taimingi ya pili ni ya valvu: valvu zinafunguka na kufunga lini kulingana na pistoni. Hii husimamiwa na mkanda au cheni. Kuithibitisha hakuhitaji kubahatisha. Kava la juu hufunguliwa, krenkishafti huzungushwa kwa mkono hadi alama yake ilingane, kisha alama ya kemshafti hutazamwa. Inalingana au hailingani. Ni jambo la kuonwa kwa macho, na mteja ana haki ya kuliona, na hata kulipiga picha kwa simu yake.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu mkanda hauishi milele. Kwa Toyota nyingi za kizazi hicho, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Katika baadhi ya injini za petroli mkanda ukikatika gari huzimika tu. Lakini katika injini nyingi za dizeli, ikiwamo 1HZ ya Land Cruiser, pistoni hugonga valvu na injini huharibika vibaya. Aliyenunua gari lililotumika asiiamini mita ya kilomita peke yake wala taa ya mkanda kwenye dashibodi. Vyote viwili vinaweza kuchezewa. Kama hakuna kumbukumbu ya maandishi, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa.

Neno fupi kwa wenye dizeli: injini yako haina cheche, inategemea joto la mgandamizo. Ikikataa au ikimisi asubuhi na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, anza na plagi za kupashia joto na rilei yake, kisha hewa inayoingia kwenye bomba la mafuta usiku, kisha mgandamizo. Nozeli na pampu vifuate baadaye, kwa kuwa ndivyo vya gharama.

Mafuta tunayoyanunua

Katika vijiji vingi vya ufukweni, petroli hununuliwa kwenye chupa au madumu. Tunajua sababu: kituo kiko mbali. Lakini petroli iliyokaa muda mrefu kwenye chombo kisichofungwa vizuri hupoteza kwanza zile sehemu nyepesi ambazo injini baridi inazihitaji, na mafuta yaliyochanganywa na maji au mafuta ya taa humisisha gari kuliko plagi mbovu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2010 nchi yetu iliweka vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji uweze kugundulika. Gari likianza kumisi mara tu baada ya kujaza, usianze kununua vipuri. Hifadhi risiti, chukua sampuli kwenye chombo safi cha kioo, iache itulie. Maji hujitenga chini. Malalamiko ya ubora wa mafuta hupelekwa EWURA. Na kwa usalama wa watoto wako, usihifadhi petroli ndani ya nyumba ya kulala.

Haki zako gereji na dukani

Ndugu zangu mafundi, haya nayasema mbele yenu kwa makusudi, kwa sababu yanawalinda na ninyi.

Kwanza, kipimo ni kazi, na kazi hulipwa. Mteja anayekataa kulipia upimaji anamlazimisha fundi kubahatisha kwa fedha za mteja mwenyewe. Kubalianeni bei ya kupima mbali na bei ya kutengeneza.

Pili, makadirio yaandikwe: kasoro iliyogundulika, kipimo kilichoithibitisha, vipuri vinavyohitajika, ufundi, na siku ya kukabidhi gari. Karatasi ya daftari inatosha. Kazi ikiongezeka, mteja aulizwe kwanza.

Tatu, kipuri cha zamani ni mali ya mteja, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Omba urudishiwe.

Nne, dai risiti ya kielektroniki unaponunua vipuri. Bila risiti, hata malalamiko ya haki hukosa mguu wa kusimamia. Andikeni pia kama kipuri ni kipya au kimetumika. Kuuza kipuri kilichotumika si kosa. Kukiita kipya ndilo kosa.

Tano, jihadhari na bidhaa bandia. Plagi ni miongoni mwa vitu vidogo vinavyoigwa kwa urahisi. Tazama maandishi yaliyofifia au kukosewa herufi, boksi lisilolingana na kilichomo, ncha isiyokaa katikati, na bei iliyo chini kiasi cha kutia shaka. Kupambana na bidhaa bandia ni wajibu wa Tume chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na taarifa kutoka kwa mlaji ni msaada mkubwa kwetu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inakulinda: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani sharti ilingane na maelezo hayo. Mambo yakienda kombo, anza kwa aliyekuhudumia, kwa utulivu, ukiwa na karatasi zako. Migogoro mingi humalizikia hapo. Ikishindikana, andika malalamiko kwa Tume: eleza nini kilitokea, lini, ulilipa kiasi gani na unaomba nini, ukiambatisha nakala za risiti na makadirio.

Ukinunua gari lililotumika

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mbinga anayekwenda Songea kutazama Corolla. Anafika saa nne asubuhi, gari linanguruma kama paka, analipa. Kesho yake alfajiri, nyumbani, linatetemeka. Muuzaji alikuwa ameliwasha mapema. Njia ya kujikinga ni rahisi: omba gari lisiwashwe kabla hujafika, na ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, rudi kesho yake. Gari la zamani lisinunuliwe bila kuonekana likiwa baridi, kisha likiwa moto, na kisha likipanda mlima.

Usalama kwanza

Nimalizie na mambo ambayo hayahusu fedha. Usimwage petroli kwenye njia ya hewa ili kulilazimisha gari liwake, wala usiwashe moto chini ya injini ili kuipasha. Taa ya injini ikimetameta wakati gari linamisi, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye ekzosi.

Na zaidi ya yote, usiteremke kuelekea Mbamba Bay na gari ambalo injini yake hujizima, wala usiizime mwenyewe kwa nia ya kubana mafuta. Injini ikizimika, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani huwa mzito kona inapohitaji wepesi. Abiria aliyepanda gari lako kuwahi hospitali au kuwahi soko la dagaa hajui kwamba umeahirisha kubadilisha mkanda. Amekuamini tu. Mwenye gari ndiye anayejua, na ndiye anayepaswa kuchukua hatua.

Kesho alfajiri, kabla hujawasha gari, chukua kalamu na daftari. Andika unachokiona na unachokisikia. Kisha mpelekee fundi wako ukurasa huo, mwombe apime, na ulipie kilichothibitishwa.